Tawi la Kuburuta

Habari ya kifo cha Mateu ilinikuta nimeinama, nachomoa tairi ya mteja. Aliyeileta ni mume wa mjukuu wangu, dereva wa lori, kijana mwenye adabu ambaye huanza kila habari, njema au mbaya, kwa kuuliza hali ya magoti yangu. Nikamwambia magoti hayajambo, sema ulichokuja nacho. Akasema juzi amepita Diaca akakuta msiba mkubwa, amezikwa mpiganaji wa zamani, bendera juu ya jeneza, wakubwa wamekuja na magari kutoka Mueda. Halafu akaongeza jambo ambalo kwake lilikuwa kioja cha safari tu. Marehemu ana mdogo wake wa tumbo moja, mzee wa mguu mmoja, ambaye nyumba yake iko karibu na makaburi, na mzee huyo hakwenda kuzika. Alikaa mlangoni kwake akabangua korosho, jeneza likapita mbele yake, hakuinua uso. Watu wanasema ndugu hao hawakusemezana tangu vita vya Mreno. Nilimuuliza walikosania nini. Akacheka kidogo, akasema, Babu, hayo ya zamani nani anayajua. Niliweka ile tairi chini na sikuigusa tena siku hiyo, kwa sababu anayeyajua ni mimi, na kwa miaka yote hiyo nimeyajua peke yangu.

Mwaka wa kwanza wa vita nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Ya kuzaliwa kwangu na ukoo wangu nayaacha, yana wenyewe wanaopenda kuyasimulia. Mimi nilikuwa na baiskeli nyeusi yenye keria ya chuma kizito, na miguu niliyoiringia kuliko akili. Kazi yangu ilikuwa kupandisha samaki. Nilifunga ng'onda, papa wakavu na chumvi juu ya keria mpaka mzigo ukanipita kichwa, nikatoka Mocímboa da Praia na kuelekeza gurudumu magharibi, Awasse, Diaca, na wiki niliyokuwa na nguvu, mpaka juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Nikirudi nilishuka na mbaazi, tumbaku na korosho. Mtu wa gari akikwambia njia ile ni tambarare usimbishie, mwonee huruma tu, maana hajaipita na mzigo wa kilo themanini. Vilima vyake tulivijua kimoja kimoja na tulivipa majina. Cha kwanza tulikiita Mwadhini, kwa kuwa ukifika juu yake alfajiri unajikuta unalitaja jina la Mungu kwa sauti. Cha pili kilikuwa Shibe Kwaheri. Cha tatu, kile cha mwisho kabla ya Diaca, tulikiita Mkwe, kwa sababu hupandwa kwa kuinamisha uso kama mtu aliye mbele ya mama mkwe wake. Ukikimaliza Mkwe na kuinua macho unauona ukingo wa uwanda umesimama mbele, wa buluu asubuhi na wa kijani jioni, na mikorosho imetanda bondeni mpaka mwisho wa macho. Nimekaa miji kadhaa tangu hapo, sijaona mahali pengine panaponifanya nisahau kiu.

Mwenzangu wa njia alikuwa Atanasi, Mmakonde wa Diaca, rika langu, mfupi, mwenye mgongo mpana na mdomo usiopumzika. Tulikuwa watani, kwa desturi ya watu wa pwani na watu wa uwanda, na utani huo ndio uliotuvusha vilima. Yeye aliniita mtu wa samaki, akasema watu wa pwani wakiona kichuguu huomba kamba ya kukipandia. Mimi nilimuuliza kila tukipita shamba la mtu kama ameshapata panya wa kitoweo. Kupanda tulipanda kwa zamu. Baiskeli moja tuliiegemeza kwenye mti chini ya kilima, nyingine tukaisukuma wote wawili, mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma na fimbo iliyofungwa kwenye keria, mpaka kileleni. Kisha tulishuka kufuata ya pili. Kwa hiyo vilima vilikuwa vitatu kwa macho na sita kwa magoti. Kushuka ndiko kulikokuwa na utaratibu wake. Raba za breki hazikuzuia mzigo ule, zilinuka na kuyeyuka tu, na breki ya mbele ukiibana ghafla unaruka juu ya usukani. Basi tulikata tawi kubwa lenye majani mabichi, la mkorosho ndilo bora, tukalifunga kwa kamba nyuma ya keria likaburuta mchangani. Tawi lile tuliliita mkia. Ukifunga mkia unaweza kupanda baiskeli na kuushuka mteremko umekaa kitini, upepo usoni, majani yanapiga kelele nyuma yako, na unajiona mkubwa wa dunia. Nilikuwa napenda kushuka, na sijui kama nimewahi kupenda jambo lolote kwa usafi namna ile.

Diaca tulifikia kwa shangazi yake Atanasi, Veronika, mjane mwenye ndonya mdomoni na rozari shingoni, ambaye alinipokea mlangoni kila mara kwa neno lilelile la Kimakonde la karibu. Kimakonde nilikielewa kikisemwa, ila neno hilo ndilo nililolijua vizuri kuliko yote. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, na katikati yake tuliziingiza baiskeli, maana nje hazikuwa salama, kwa hiyo tulilala na harufu ya papa na mafuta ya cheni. Ukuta ulikuwa wa mianzi na udongo, na udongo umebanduka sehemu nyingi, hata mtu akikuna mguu upande wa pili unamsikia. Shangazi alitupikia ugali wa muhogo mweupe na mbaazi, au kisamvu, na mimi nilileta nazi kutoka pwani kwa sababu sikuweza kula kisamvu kikavu, jambo ambalo Atanasi aliwahadithia wageni wote kana kwamba ni ugonjwa. Tulikula katika sinia moja ukumbini, na baada ya kula wazee wa jirani walikuja kuvuta tumbaku na kuzungumza mambo ya misheni, ya bei ya korosho kwenye kantina, yaani dukani, ya nani amekwenda msituni. Jina la Mateu lilitajwa kwa sauti ya chini. Alikuwa kaka yake Atanasi, mkubwa wake kwa miaka sita, na alikuwa ameingia msituni siku za mwanzo kabisa. Atanasi alipolisikia jina hilo alikaa vizuri, kama mtu anayevaa shati safi.

Vita vilipozidi, njia yetu ilibadilika mikononi mwetu. Kwanza ililetwa guia, karatasi ya posto, ofisi ya Wareno, ya kukuruhusu kusafiri, yenye tarehe ya kwenda na tarehe ya mwisho, na mtu wa pwani aliyekamatwa Diaca jua limezama juu ya tarehe yake alipigwa viganja na ubao wenye matundu mpaka hawezi kushika usukani. Nilimwona mmoja, muuza chumvi, akilishwa na mkewe kama mtoto. Kisha yakaja mabomu ya ardhini. Wengine walisema ni ya askari, wengine walisema ni ya watu wa msituni, na mguu wa mtu hauulizi. Wapanda baiskeli tukajiwekea sheria. Ya kwanza, usitoke kwenye mfuo, yaani ile alama nyembamba ya tairi zilizotangulia katikati ya barabara, kwa sababu pale palipopita wengine pamekwisha jaribiwa. Ya pili, hakuna kufunga mkia. Tawi linafagia mfuo, anayekuja nyuma hana pa kupita. Na zaidi ya hayo, mchanga uliofagiwa kwa majani ndiyo alama ya mtu aliyezika kitu. Kuanzia hapo tulishuka kwa miguu, tumeegemea nyuma, tumeishika baiskeli kama mtu anayemzuia ng'ombe, visigino vinachimba, nyonga zinauma.

Ya tatu haikuwa sheria ya wote, ilikuwa yetu. Asubuhi moja, kabla hakujapambazuka vizuri, nilisikia kupitia ukuta sauti ya mwanaume ukumbini kwa Shangazi. Alikuwa Mateu, ameingia kijijini na mzigo wa kuni kichwani kama kibarua. Alimwambia Atanasi kwamba watu wake wakitega barabara upande huu, yeye mwenyewe atahakikisha limefungwa fundo la nyasi kwenye mkorosho mkubwa wa njia panda ya Awasse, usawa wa kifua. Ukiliona fundo, geuka urudi pwani. Usipoliona, pita. Atanasi akauliza na mtani wangu Momade je, naweza kumwambia? Mateu akasema, kama unamwamini. Atanasi akajibu kwamba ananiamini. Nilijilaza nikajifanya nimelala, lakini niliona fahari, siwezi kuficha.

Siku yenyewe haikuwa na dalili yoyote. Tulipita Awasse tukautazama mkorosho, hapakuwa na fundo. Mwadhini tukakipanda, Shibe Kwaheri tukakipanda, lakini pancha mbili zilituchelewesha, na tulipofikisha baiskeli zote mbili juu ya Mkwe jua lilikuwa limeshaegemea uwanda. Guia yangu ilikuwa inakwisha siku ile, na ilinibidi niiwahishe posto ya Diaca igongwe muhuri mpya kabla jua halijazama. Ya Atanasi haikuwa na haraka, yeye alikuwa mwenyeji. Tukiwa pale juu cheni yake ikakatika. Akatoa msumari na jiwe, akakaa chini, akaniambia maneno ambayo nimeyasikia tangu siku ile kuliko adhana.

"Tangulia, mtani. Nitafuata mfuo wako."

Nilianza kwa miguu, kwa kufuata sheria. Mteremko wa Mkwe ni mrefu, unapinda katikati, na mchanga wake siku zile ulikuwa mzito. Mzigo ulinisukuma mgongoni, kisigino kilikuwa kimechubuka, na kila nikitazama jua nilimwona yule muuza chumvi akifunua mdomo kupokea tonge. Kwenye kona palikuwa na mkorosho ulioinamia barabara. Nilikata tawi kwa panga, nikafunga mkia, nikapanda. Nilijisemea kwamba Atanasi anaijua njia hii kuliko anavyokijua kitanda chake, kwamba atapita palepale tunapopita siku zote, kwamba ni mara moja tu. Maneno hayo yote yalikuja haraka na kwa mpangilio mzuri, kama yalikuwa yananisubiri. Na la aibu zaidi ni kwamba nilifurahi. Miezi mingi nilikuwa sijashuka Mkwe nimekaa kitini. Upepo ulikausha jasho, majani yalivuma, bonde likaja juu kunipokea, na nilicheka peke yangu. Nilipofika chini kwenye kijito nililifungua tawi nikalitupa majini, kwa kuwa nilijua Atanasi akiliona atanigombeza. Nikanawa uso. Nilikuwa nakunywa maji kwa viganja niliposikia mlio.

Nilipanda mbio, na katika mbio hizo ndipo nilipoona nilichokifanya. Tawi lilikuwa limeyumba kulia na kushoto, likaifagia barabara yote kuanzia kwenye kona. Hapakuwa na mfuo wangu, wala wa jana, wala wa mtu yeyote. Mtu aliyefika pale alikutana na mchanga safi uliopigwa majani, akaogopa katikati, na kama mtu mwenye akili akaenda pembeni, karibu na nyasi, mahali ambapo sisi sote kwa miezi hatukupitisha gurudumu kwa sababu mfuo ulikuwa unatuita kwingine. Lile bomu huenda lilikuwa pale siku nyingi. Mpaka leo sijui ni la nani. Atanasi alikuwa amekaa, mikono miwili imeshika paja, ng'onda wametapakaa hadi juu ya nyasi, na mguu wa kushoto chini ya goti sitauandika. Hakulia. Alinitazama akasema barabara imefagiwa. Kisha akaniuliza mimi nilipita wapi.

"Mimi nilipopita," nilisema, "haikuwa hivi."

Ni sentensi moja tu. Nimeshaandika kurasa nyingi za kumbukumbu hizi, na hakuna iliyonigharimu kama hiyo. Niliisema nikiwa nafunga kilemba changu juu ya goti lake, na wakati ule nilidhani namdanganya juu ya jambo dogo, kwamba sikuvunja sheria. Sikuwaza mbele zaidi ya hapo. Yeye aliwaza. Alifumba macho nikadhani amezimia, kumbe alikuwa anapanga mambo: Momade amepita, barabara haikuwa imefagiwa, nimekuja mimi, imefagiwa, kwa hiyo wametega sasa hivi, katikati yetu, na fundo halikuwepo. Nilimpakia kwenye baiskeli yangu, samaki nikawaacha, nikamsukuma mpaka Diaca. Hakuna aliyeniuliza guia. Njiani alisema jina la kaka yake mara moja tu, na hakulisema kama mtu anayeomba msaada.

Muuguzi wa misheni alimkata mguu chini kidogo ya goti, na baada ya wiki tatu akarudishwa kwa Shangazi, akalazwa kwenye kitanda chake kwa siku chache, halafu ukumbini, ambako kulikuwa na hewa. Niliendelea kupanda na samaki peke yangu, kilima kimoja mara moja, mzigo nusu. Nilimletea nazi. Alinitania kwamba sasa amekuwa mtu wa pwani, hapandi kilima tena, na nilicheka kwa sababu mtani akitaniwa lazima acheke. Asubuhi moja, mapambazuko, nikiwa bado kitandani, nikasikia kuni zinatuliwa mlangoni. Mateu alikuwa amekuja kumwona mdogo wake. Nilisikia kilio chake kwanza, cha mwanaume anayejiziba mdomo. Kisha nikamsikia akiapa kwamba watu wake hawakukigusa kilima kile, kwamba kama wangekigusa fundo angelifunga kwa mikono yake. Atanasi alimwacha amalize. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio ulionitia baridi.

"Momade alipita, haikuwa imefagiwa. Nikapita mimi, imefagiwa. Katikati yetu alipita nani, kaka?"

Mateu akasema, basi muulize Momade vizuri.

"Momade hana sababu ya kunidanganya," Atanasi akajibu.

Kati yangu na wao palikuwa na ukuta wa mianzi uliobanduka udongo. Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu chini, mkono umeshika pedali ya baiskeli, na niliizungusha polepole, mbele, nyuma, mbele. Neno lilikuwa mdomoni. Ningeweza kulisema bila hata kuinuka, wangelisikia. Nilijiambia kwamba nje kuna wenzake Mateu wenye bunduki, na mtu anayefagia barabara wakati wa vita, akikubali, pande zote mbili zitamwita msaliti. Nilijiambia nitasema kesho, Atanasi akipata nguvu. Nikasikia Shangazi anakohoa, nikasikia Atanasi anamwambia kaka yake asirudi tena katika nyumba atakayokuwemo yeye, nikasikia kuni zinainuliwa. Wiki iliyofuata Wareno walifunga njia ya samaki kabisa, wakaanza kuwakusanya watu kwenye vijiji vya senyenge, na mimi nikavuka Ruvuma kwenda Mtwara. Nilikwenda bila kuaga, na baiskeli yangu.

Mtwara nilijifunza ufundi, na uhuru ulipopatikana nikarudi, nikafungua kibanda cha baiskeli hapa Palma. Hofu nilikuwa nayo, siwezi kuikana. Lakini vita vilikwisha, walioshika bunduki wakawa wazee wa pensheni, hakuna ambaye angenigusa, na bado sikusema. Kwa hiyo haikuwa hofu peke yake. Nadhani nilizoea kuwa mtu anayeaminiwa na Atanasi, hata kwa mbali, hata bila kumwona, na sikutaka kuipoteza heshima hiyo niliyokuwa nimeiiba. Nilisikia habari zake kwa wapitaji, kwamba ameoa, kwamba ana shamba la korosho, na kila mara nilikuwa na sababu ya kutokwenda: mvua, harusi, magoti. Mateu nilikutana naye mara moja, Mocímboa, kwenye sherehe ya serikali, amevaa nishani. Aliniuliza kama mimi ndiye Momade wa samaki. Nikakubali. Alinitazama muda mrefu, nikaona anajua, au anakaribia kujua, na nikangoja anishike shati. Akasema tu, mdogo wangu anakuamini sana, akaondoka. Nilikuwa na nafasi hiyo pia, nayo nikaiacha ipite.

Baada ya habari ya msiba nilikaa siku mbili, ya tatu nikamwambia mume wa mjukuu wangu anipeleke Diaca. Barabara ya sasa wameichonga kwa mashine, Mkwe wamekikata nusu, lori linakipita bila kubadilisha sauti. Nilifumba macho pale kwenye kona. Nilimkuta Atanasi mlangoni, juu ya kigoda, anabangua korosho, nywele nyeupe, mgongo bado mpana. Mkongojo ulikuwa umeegemea ukuta. Sikujua kama atanifahamu.

"Mtu wa samaki," alisema bila kuacha kubangua. "Umechelewa, mboga imekwisha."

Nikamwambia nimekuja na mboga yangu, nikamtolea ng'onda. Alicheka mpaka akakohoa, akamwita binti yake apike. Tulikula pale barazani katika sahani moja, ugali wa muhogo na kisamvu, na binti alikuwa ametia nazi, maana baba yake alikuwa ameshamhadithia ugonjwa wangu. Alinisimulia miti yake, watoto wake, mguu wa mbao aliopewa na serikali akaufanya kuni. Ya msiba hakuyagusa. Nilinawa mikono kabla ya wakati, nikasema.

"Mtani, barabara ile niliifagia mimi. Nilifunga mkia. Nilikudanganya."

Hakunitazama. Aliuliza lilikuwa tawi la mti gani. Nikasema la mkorosho, ule ulioinama kwenye kona. Akauliza nililitupa wapi. Nikasema kijitoni. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha, na mimi nilikaa pale nikitamani anipige. Kisha alinawa, akafuta mdomo, na akasema kwa sauti ileile ya upole niliyoisikia kupitia ukuta.

"Mguu nimeshauzoea, usinililie mguu. Mateu amekuja mlangoni hapa mara nne. Mara tatu kwa miguu yake, nikamfungia. Ya nne amebebwa."

Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni petu. Mwishowe akamwita binti yake alete unga wa mtama wa kutambikia kwenye kibakuli, akachukua mkongojo, akasimama. Akasema kwa desturi yetu mtani ndiye husema kaburini yale ambayo ndugu hawezi kuyasema, kwa hiyo nitasema mimi, mtani wake, na nitasema yote, pamoja na tawi. Makaburi yako nyuma ya nyumba, bondeni, na njia ya kuteremkia ni ya mchanga. Pale inapoanza kuteremka alisimama, akaniashiria kwa kidevu.

"Tangulia," akasema. "Nitafuata nyayo zako."

Nilitangulia. Nilishuka polepole, nikikanyaga kwa nguvu ili alama zionekane, na nyuma yangu nilisikia mkongojo, kisha mguu, mkongojo, kisha mguu. Kaburi lilikuwa bado jipya, maua ya karatasi ya serikali yameanza kupauka. Nilipiga magoti, yanauma kweli ingawa huwa nasema hayajambo, nikamwambia Mateu jina langu, nikamwambia cheni, guia, tawi, kijito, na ile sentensi, nikamwambia kwamba nilikuwa macho kitandani asubuhi ile alipoapa, na kwamba alichoapa kilikuwa kweli. Nilipomaliza nilisogea. Atanasi alikaa chini kwa shida, akamwaga unga kidogo kwa mkono wa kulia. Halafu akainua uso, akamwambia kaka yake neno moja tu la Kimakonde, na hilo nalijua, kwa sababu mwaka mzima nilipokewa nalo mlangoni kwa shangazi yake. Alimwambia karibu.